Namna ya Kupasua Ndewe Yako, na Namna ya Kuirudisha

Ndewe haina kazi. Haisikii, maana kusikia kunafanyika ndani kabisa ya kichwa. Haina mfupa wala gegedu. Ni ngozi, mafuta kidogo na vishipa vya damu, imeachwa ikining'inia chini ya sikio bila maelezo. Binadamu hapendi kuona kitu kimekaa bure mwilini mwake, kwa hiyo akaitoboa. Na alianza zamani: yule mtu wa barafu aliyeokotwa mwaka 1991 milimani, kwenye mpaka wa Italia na Austria, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikutwa na ndewe zilizotogwa na kutanuliwa. Nguo zake zilikuwa za ngozi za wanyama na kichwa cha mshale kilikuwa kimemkaa begani, lakini masikio alikuwa ameshayashughulikia.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye tundu lake limeacha kuwa tundu likawa ufa. Lakini hatuwezi kumfundisha mtu kushona kabla hajapasua. Tuanze basi na kupasua, fani ambayo, tukisema kweli, wengi wenu mmeshafika mbali bila msaada wetu.

Anza na uzito. Kipini kidogo cha dhahabu hakina nguvu za kumpasua mtu. Mwanamke anaweza kutiwa akiwa mchanga, akaja kumrithisha mjukuu wake, na tundu likabaki lile lile. Wewe unahitaji vipuli vya harusi, vile vya ghorofa tatu: taji juu, mwezi katikati, na chini vijinyororo vinavyocheza kila ukicheka. Vinunue Dubai, au viazime kwa shangazi, kwani cha kuazima huvaliwa kwa bidii zaidi. Vivae tangu saa ya kupambwa hadi usiku wa manane. Vikianza kuuma usivivue. Maumivu ni dalili kwamba watu wanaviona. Kesho yake kuna walima, vivae tena.

Katika jambo hili watu wa mwambao tuna urithi wa kutosha. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba mtoto wa kike alitogwa siku ya saba tu baada ya kuzaliwa, matundu sita kila sikio, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Akifika miezi miwili hivi alitiwa pete nzito za dhahabu. Miezi miwili! Mtoto hajakaza shingo, tayari kapewa mzigo. Na bibi zetu wengine, wasio wa kasri, walitia majasi ndeweni na kupanga vijikaratasi vya rangi vilivyoviringishwa kwenye ukingo wa sikio. Picha zao zipo hadi leo. Wamesimama wima mbele ya kamera, na hakuna hata mmoja anayeonekana kulalamika.

Hata hivyo uzito peke yake huchukua miaka, na wapo wenye haraka. Hao watogwe chini: mwambie anayekutoga asikaribie katikati ya ndewe, akuwekee tundu karibu na ukingo ili hereni iwe na safari fupi. Lala na maringi, mto wa kitanda utakusaidia. Vua ushungi kwa hasira. Jisugue kwa dodoki la wavu ukiwa na hereni zako, maana wavu umeumbwa kunasa. Nunua zile za kuchovya, zinazouzwa jozi tatu kwa bei ya soda. Ndani yake mara nyingi mna nikeli, na nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza duniani kwa kuwasha ngozi za watu. Tundu litawasha, litatoa maji, litafanya ukoko, litawasha tena, na kila likirudia linaongeza kidogo ukubwa. Wewe liite aleji ya vumbi.

Ukitaka kazi ya hakika, tafuta mtoto wa miezi saba. Mtoto wa umri huo amejifunza jambo moja tu la maana, kushika, na hajajifunza la pili, kuachia. Mbebe upande wa kipuli kinachong'aa, kisha ingia kwenye mazungumzo marefu na jirani.

Iko pia njia isiyohitaji juhudi zako hata kidogo. Kaa dirishani kwenye daladala iliyokwama kwenye foleni, kioo wazi, dhahabu nje, simu mkononi ili mkwapuzi wa bodaboda awe na uchaguzi. Hapa naomba niache mzaha kwa sentensi chache, kwa sababu jeraha hili ni la namna nyingine. Ndewe iliyopasuka leo ina kingo mbichi, na kingo mbichi zinataka kuungana. Bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, nenda hospitali siku hiyo hiyo, uliza kuhusu sindano ya pepopunda, ushonwe. Ukifanya hivyo sehemu kubwa ya mwongozo huu huihitaji. Ukisema utaenda Jumatatu, karibu, endelea kusoma.

Kuna wasomaji ambao hawakupasua bali walitanua, na hao wana habari ndefu kuliko ndewe zao. Wamaasai, Wakalenjin, Wakikuyu, Wagogo: kwa vizazi vingi walitoga vijana wao na kupanua tundu pole pole, kijiti kwanza, kisha kijiti kinene, kisha kipande cha mti, hadi ndewe ikawa kitanzi kinachoning'inia kuelekea begani. Kitanzi kile kilibeba shanga na vyuma vya kupambia, na watalii walipoanza kuja na kamera, hata kikopo cha filamu kilipata makao mapya. Mwenye nacho akitaka kupita kwenye miiba alikikunja akakitundika juu ya sikio ili kisinase. Hapo walau ndewe ilipewa kazi.

Kisha zikaja misheni, shule na ofisi. Sikio lililomfanya mtu aonekane kijana wa maana kwao lilimfanya aonekane mshamba mbele ya meza ya karani, na wapo waliokwenda kushonwa ili wakubalike. Wengine hawakutaka. Hadi leo katika Bonde la Ufa utamkuta mzee ameketi na vitanzi vyake viwili, anakunywa chai ya maziwa, hana habari na mtu. Lakini wajukuu wakafika vyuo vikuu Nairobi, wakawaona wanamuziki wa roki wa Marekani wana matundu ndeweni ya kupitisha kidole, wakaagiza plagi za mbao na pete za chuma mtandaoni, wakaanza kutanua milimita kwa milimita, jambo ambalo nyanya zao wangewafanyia bure. Babu alilipa kufungwa, mjukuu analipa kufunguliwa, na mjukuu huyo huyo akiitwa kwenye usaili wa benki atalipa kufungwa tena. Hata akipata kadi ya ukaazi ya Marekani na kuwazia jeshi la nchi kavu la huko, kanuni zao za mavazi na mwonekano zinakataza kutanua ndewe. Wanamuziki ni wa nchi ile ile, lakini wao hawapigi gwaride.

Mimi sioni kosa la babu wala la mjukuu. Masikio yalikuwa yale yale siku zote. Kilichobadilika ni macho ya waajiri.

Kwa anayetanua sasa hivi, neno dogo. Tundu lililotanuliwa kidogo huweza kujikaza lenyewe ukivua plagi na kusubiri miezi kadhaa. Likipita kiasi, na wenye mazoea ya mambo haya hutaja milimita 10 hivi ingawa kila mwili una mpaka wake, usikae unalisubiri. Limeshahamia.

Sasa tuirudishe.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kubana matumizi, utaanzia nyumbani. Gundi kali, ile inayonasa vidole kabla ya kunasa kitu kingine chochote, iko kila kibanda. Utaitia kwenye ufa, utabana dakika mbili huku umezuia pumzi, na kweli itashika. Utaenda nayo kazini. Utawaambia wenzako kwamba madaktari ni wezi. Siku ya tatu itaachia na kuondoka na ngozi ya juu, na sasa una ufa pamoja na kidonda. Baada ya gundi utajaribu plasta. Baada ya plasta jirani atakuletea asali, mwingine majivu, na mwingine mafuta ya mnyama asiyetajwa, yaliyonunuliwa stendi kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti.

Havitafanya kazi, na sababu ni moja. Ufa wa zamani si jeraha. Pande zake mbili zimeshaota ngozi kamili, sawa na ya shavuni, na ngozi haiungani na ngozi. Midomo unaifumba usiku kucha, na asubuhi inafunguka bila taabu. Ili pande hizo zishikane lazima mtu aikate ndewe upya, aiondoe ile ngozi iliyoota ndani ya ufa, apate nyama mbichi huku na huku, ndipo ashone. Mtu huyo si fundi cherehani. Wala si msusi wako, hata kama mkono wake ni mwepesi na anajua siri zako zote.

Ni daktari, hasa wa fani inayoitwa upasuaji rekebishi, ingawa wapo wapasuaji wa kawaida na madaktari wa masikio, pua na koo wanaoifanya kazi hii vizuri. Usidhani ni fani ya mastaa wa Los Angeles peke yao. Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, wanayo huduma hiyo. Hospitali ya Kenyatta kule Nairobi wanayo. Tena fani hii ina mizizi hapa hapa. Shirika la AMREF, lililoanza mwaka 1957 kama mpango wa madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda vijijini Afrika Mashariki, lilianzishwa na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wa fani hii. McIndoe alipata jina kwa kutengeneza nyuso za marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Ndewe yako haiwezi kuwa kazi ya kuwashangaza watu wa aina hiyo.

Na kama unaona haya kumpelekea daktari mzima kitu kidogo hivyo, jua kwamba wakubwa walikwishakishughulikia. Sushruta, tabibu wa India ya kale, katika kitabu kinachobeba jina lake, cha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ameorodhesha namna 15 za kuunga ndewe zilizopasuka. Kumi na tano! Kwao pia watoto walitogwa na matundu yakapanuliwa kwa pamba iliyozidishwa unene kidogo kidogo, kwa hiyo wateja hawakuadimika. Sushruta alijua kwamba kingo lazima zichunwe hadi zitoe damu kabla ya kuunganishwa. Baada ya hapo alipaka asali na samli, akafunika kwa pamba na kitani, akafunga uzi usiobana sana wala kulegea. Aliyekosa ndewe kabisa alichukuliwa kipande cha ngozi ya shavu, kikiwa bado kimeshikana upande mmoja ili kisife, kikageuzwa kuwa ndewe mpya. Kisha yakaja masharti: asile kupita kiasi, asiote moto, asilale mchana, aache mambo ya chumbani, na asiongee mno.

Kwa hiyo jirani aliyekuletea asali alikuwa ameshika nusu ya kitabu. Iliyokosekana ni ile yenye kisu.

Ukifika mbele ya daktari, neno lako la kwanza litakuwa kwamba ndewe ilipasuka ghafla. Atautazama ufa uliozeeka, atanyamaza, ataandika. Hilo si tatizo. Usimdanganye tu kuhusu kisukari, sigara, dawa za kuzuia damu kuganda, na kovu lolote mwilini mwako lililowahi kuvimba, habari ambayo tutairudia kwa sababu ni nzito. Uliza bei ni ya sikio au ya jozi, na uulize kabla ya ganzi. Bima usiitaje kwa matumaini makubwa. Kwa bima nyingi ufa wa miaka ni urembo, na urembo hujilipia.

Siku yenyewe haina makuu. Hulazwi, hulali usingizi wa dawa. Unasafishwa, na daktari anachora kwa kalamu mahali atakapokata. Huchora kabla ya ganzi, kwa kuwa dawa ikiingia ndewe huvimba na kupoteza umbo. Halafu sindano: lignokeini, mara nyingi ikiwa na adrenalini kidogo ya kupunguza damu. Inachoma kwa muda mfupi. Hayo ndiyo maumivu yako makubwa ya siku, na ulivumilia zaidi kwenye harusi.

Baada ya hapo huhisi kitu, lakini unasikia. Ni upasuaji ambao mgonjwa anaufuatilia kwa sikio lile lile linalopasuliwa: mkasi unakata, uzi unapita, daktari anamwuliza nesi matokeo ya Simba na Yanga. Usijibu. Ukicheka ndewe inacheza, na aliyeshika kisu hapendi.

Sasa nikae kidogo kwenye ufundi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mwenye kushona rahisi na mwenye kushona vizuri wanapoachana. Mtu angedhani kazi ni kukutanisha pande mbili na kumaliza kwa mstari mnyoofu. Wapo wanaofanya hivyo, na wiki ya kwanza inapendeza. Shida ni kwamba kovu husinyaa linapokomaa. Mstari mnyoofu ukisinyaa huvuta ukingo wa chini wa ndewe juu, na baada ya miezi unajikuta na kapengo pale pale palipokuwa na ufa. Ndiyo maana wapasuaji wengi wanapofika kwenye ukingo huvunja mstari, wakakata kwa umbo la herufi Z au L, ili kovu likianza kuvuta livute pande tofauti na lisishinde. Ipo pia mbinu iliyoandikwa na daktari aitwaye Pardue mwaka 1973, ambayo inaacha kitundu kilichozungushiwa ngozi palepale, usihitaji kutogwa tena. Hiyo ni kwa wale wasioweza kuonekana wiki mbili bila hereni, na daktari hupaswa kuwaeleza kwamba kitundu hicho kiko jirani na kovu. Wataitikia kwa kichwa, wakiwaza wataanza na zipi.

Ndewe ya kitanzi ni kazi nyingine kabisa. Pale nyama haijapungua, imezidi. Daktari hukata ziada, hugeuza vipande, hufinyanga ndewe ya mviringo kutoka kwenye kitu ambacho kwa miaka kilikuwa kamba, kisha anavuka upande wa pili na kujaribu kupata pacha wake. Ufa wa kawaida humalizika kwa nusu saa hivi. Kitanzi huweza kula saa nzima au zaidi kwa kila sikio, na bei yake haitafanana na ya jirani yako. Usibishane naye kwa kusema yake ilikuwa rahisi.

Unatoka na nyuzi nyembamba za nailoni mbele na nyuma ya ndewe. Zitatolewa baada ya wiki moja hadi mbili, kadiri daktari atakavyoona, na zitatolewa na yeye au nesi wake. Wembe wa mumeo hauhusiki.

Masharti ya nyumbani ni mepesi kwa kila mtu isipokuwa sisi. Usiloweshe kwa siku moja mbili za mwanzo. Paka dawa uliyopewa, si uliyoambiwa. Usilalie upande huo. Usiende kukalia kofia ya joto saluni eti nywele hazihusiani na sikio. Wageni watakuja kukupa pole, na kila mmoja atanyoosha kidole kutaka kuigusa. Waonyeshe kutoka mbali. Ukiona wekundu unaoenea, joto, usaha, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, rudi ulikoshonwa. Usirudi stendi kwa yule mwenye kipaza sauti.

Nimesema nitarudi kwenye kovu linalovimba. Linaitwa keloidi, na kwa watu weusi hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na ndewe ni miongoni mwa makao yake makuu. Kovu la kawaida linajua mipaka ya jeraha. Keloidi haijui. Huanza na kuwasha, labda miezi kadhaa baada ya wewe kusahau, kisha kinaota kidonge kigumu kinachong'aa, na kidonge kinaendelea kukua nje ya pale palipokatwa. Wenye nacho wanajulikana: wamevaa ushungi upande mmoja, wamelaza rasta upande mmoja, wanapigwa picha upande mmoja. Na ushauri wanaopewa mtaani ni kwamba kikatwe. Kikikatwa peke yake hurudi mara nyingi, na pengine hurudi kikubwa kuliko cha kwanza. Tiba yake huwa ni mchanganyiko: sindano za triamsinoloni ndani ya kovu kwa wiki na miezi, kukata kukiambatana na sindano hizo, hereni maalumu za kubana, vipande vya silikoni, na mahali penye vifaa, mionzi. Ni safari ndefu kwa kitu kilichoanza na kitundu cha sindano.

Kwa hiyo, kama umewahi kupata keloidi popote, kifuani kwa chunusi, begani kwa chanjo, kidevuni kwa kunyoa, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Anaweza kupanga sindano mapema. Anaweza pia kukwambia uuache ufa wako kama ulivyo, maana ufa haujawahi kumsumbua mtu kwa kukua. Akikwambia hivyo usiende kutafuta mwingine wa kukwambia unalotaka. Najua utaenda. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako ndilo tunalolizungumzia.

Imebaki hatua uliyokuwa ukiisubiri tangu mwanzo, kutogwa tena. Wiki ya tatu kutakuwa na harusi. Siku zote wiki ya tatu huwa na harusi. Utajitazama kwenye kioo, utaona ndewe nzima, laini, imepona, na mkono utakwenda wenyewe kwenye kasha la dhahabu. Kwa wakati huo kovu lako lina nguvu isiyozidi robo hivi ya ngozi ya kawaida. Baada ya miezi mitatu hufikia asilimia 80 hivi, na hapo ndipo linapokoma. Halitafika mia hata ukilisubiri mpaka uzeeni. Madaktari wengi watakwambia usubiri kati ya miezi mitatu na sita. Tundu jipya litobolewe pembeni ya kovu, kamwe si juu yake, na lisikae chini kabisa pale ulipopapenda mara ya kwanza. Kwa mwenye historia ya keloidi, hereni za kubana zisizohitaji tundu zinauzwa, na siku hizi hakuna atakayejua.

Anza na vipini vidogo. Vipuli vya ghorofa tatu vivae kwa saa moja ya picha, kisha vivue kabla ya chakula. Ukishindwa kabisa kujizuia, vipeleke kwa sonara avipime kwenye mzani na akupe pesa yako, maana dhahabu iliyopasua sikio ina bei ile ile na isiyopasua. Au usiviuze. Kama unaye wifi ambaye hamjapatana tangu mahari, Idi haiko mbali.